Tumbo la kikombe kimoja: hesabu ya chakula cha kwanza cha mtoto

Ukiuliza ni mikoa gani inayoilisha Tanzania, wengi watakutajia Iringa, Njombe, Rukwa na majirani zao wa Nyanda za Juu Kusini. Mahindi yanatoka huko, maharage yanatoka huko, viazi mviringo navyo vinatoka huko. Sasa angalia matokeo ya utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022. Kitaifa, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Iringa wamedumaa zaidi ya nusu. Njombe na Rukwa ni takribani nusu.

Yaani ghala limejaa, lakini mtoto hakui.

Sababu ziko nyingi: kazi nzito za shamba zinazomweka mama mbali na mtoto, lishe ya mama mwenyewe wakati wa ujauzito, magonjwa ya kuharisha, maji yasiyo salama. Lakini kuna sababu moja iliyomo ndani ya bakuli la mtoto, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuihesabu kwa kalamu na karatasi. Hata kama huna mtoto, kaa hapa. Una mdogo wako, dada yako au jirani yako ambaye leo hii yuko jikoni anakoroga uji.

Kwa nini miezi sita

Kwanza tuelewane kuhusu umri. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Wizara ya Afya wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, mpaka atimize miezi sita. Baada ya hapo anaanza chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Neno "nyongeza" lizingatie. Chakula kinaongezwa juu ya maziwa, hakiji kuyafukuza.

Kabla ya umri huo mwili wenyewe unakataa. Mtoto wa miezi mitatu akiwekewa kijiko mdomoni, ulimi wake unasukuma chakula nje. Huo si ukaidi, ni kinga ya asili dhidi ya kupaliwa. Kongosho lake nalo bado linatoa kiasi kidogo sana cha kimeng'enya cha kuvunja wanga.

Bibi anaweza kusema, "Mwanangu, huyu hashibi, mpe hata kauji kepesi." Anasema kwa huruma, na usimjibu vibaya. Ila mwonyeshe namba hizi. Mililita 100 za maziwa ya mama zina takribani kilokalori 65 hadi 70. Mililita 100 za uji mwepesi zina kama 18 tu, na hesabu yake tutaifanya sasa hivi. Ukimjaza uji huo mtoto mdogo, umetoa chakula kizito tumboni ukaweka maji yenye rangi.

Kuchelewa nako kuna gharama. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji takribani kilokalori 600 kwa siku. Anayenyonya vizuri anapata kama 400 kutoka kwa mama, kwa hiyo pengo ni kilokalori 200 hivi. Akifika miezi 9 hadi 11 pengo linakuwa takribani 300. Pengo hilo ndilo kazi ya chakula cha nyongeza. Na si pengo la mchezo, maana ubongo wa mtoto wa umri huu, hata akiwa amelala, unatumia zaidi ya nusu ya nishati ya mwili wake.

Dalili kwamba yuko tayari utaziona kwa macho: shingo imekaza, anakaa akishikiliwa, anafungua mdomo akiona kijiko kinakuja, na ulimi hausukumi tena chakula nje.

Hesabu ya uji

Chukua mtoto wa miezi saba mwenye kilo 7.5. Tumbo la mtoto mdogo hubeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Zidisha: 7.5 mara 30 ni mililita 225. Hicho hakijazi hata kikombe cha mililita 250. Huo ndio mfuko wote ulio nao kwa mlo mmoja.

Sasa pika uji wa kawaida, ule mwepesi unaonyweka. Gramu 50 za unga, ambazo ni kama vijiko vitano vya chakula, kwenye lita moja ya uji. Gramu 100 za unga mkavu wa nafaka zina takribani kilokalori 350, kwa hiyo gramu zako 50 zina 175. Lita nzima ya uji, kilokalori 175. Kikombe cha mililita 200, kilokalori 35.

Mtoto anahitaji 200. Gawanya: atahitaji zaidi ya lita moja na mililita 100 za uji kila siku ili kuziba pengo. Ni kujaza tumbo hadi juu mara tano kwa siku, na bado tumbo hilohilo lipate nafasi ya kunyonya. Haiwezekani. Kwa hiyo mtoto anashiba kila siku, tumbo lake linaonekana, analala vizuri tu, na bado hapati nishati ya kutosha kukua. Mama anasema kweli akisema mtoto alishiba. Kipimo cha mama ni tumbo, wakati mwili unapima nishati.

Ndiyo maana wataalamu wa lishe huangalia wingi wa nishati katika kila gramu ya chakula, na hupenda chakula cha mtoto kisipungue kilokalori 0.8 kwa gramu. Uji wetu una 0.18. Chakula chenye 0.8, nusu kikombe (mililita 125) kinampa mtoto kilokalori 100. Mara mbili kwa siku, 200. Pengo limezibwa na bado tumbo lina nafasi ya maziwa. Sasa unaelewa kwa nini ushauri wa miezi 6 hadi 8 ni milo 2 hadi 3 kwa siku. Ushauri huo unamfaa mwenye chakula kizito. Mwenye uji mwepesi hata milo sita haimtoshi.

Basi kwa nini tusiongeze unga tu?

Jaribu uone. Ukizidisha unga, uji unakuwa ugali. Hapa kuna fizikia kidogo. Wanga umo ndani ya punje ndogo sana. Ukiuchemsha kwenye maji, punje zinanyonya maji, zinavimba, zinapasuka, na minyororo mirefu ya wanga inatoka na kusokotana kama nyuzi. Maji yananaswa katikati ya nyuzi hizo na uji unaganda. Kwa hiyo unga kidogo tu unatosha kufanya maji mengi yaonekane chakula. Wanga unakudanganya macho.

Njia rahisi ya kupandisha nishati bila kuongeza ugumu ni mafuta. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kina takribani kilokalori 40. Yaani kijiko hicho kimoja kinazidi kikombe kizima cha ule uji wetu. Siagi ya karanga, parachichi lililopondwa na tui la nazi vinafanya kazi hiyohiyo, kila kimoja na faida zake za ziada. Usimwage mafuta kupita kiasi, kwa sababu mafuta yana nishati bila protini wala madini. Kijiko kimoja cha chai kwa mlo kinatosha.

Kimea: mkasi wa wanga

Njia ya pili ni ya kwetu kabisa. Mwaka 1983 watafiti Alexander Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Ulf Svanberg wa Sweden walichapisha kazi yao kuhusu kuandaa vyakula vya watoto kwa unga wa nafaka zilizooteshwa. Kiungo chao ni kilekile ambacho bibi zetu wanakijua kwenye togwa na pombe: kimea.

Mbegu inapoota inahitaji chakula, na chakula chake ni wanga uliohifadhiwa ndani yake. Kwa hiyo inatengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho hukata minyororo ya wanga vipande vifupi. Ukichukua kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea ukakikoroga kwenye bakuli la uji mzito unaokaribia ugali, baada ya dakika chache uji unalainika na kutiririka. Hujaongeza hata tone la maji. Nishati yote bado imo, umekata nyuzi tu. Mtoto sasa anaweza kumeza uji wenye unga mara tatu au nne ya ule wa mwanzo.

Namna ya kutengeneza: chambua ulezi, uoshe, uloweke usiku kucha, umwage maji, kisha uufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku mbili hivi hadi uchipue. Uanike juani ukauke kabisa, ondoa vichipukizi kwa kusugua, saga. Tumia ulezi badala ya mtama kama unaweza, kwa sababu vichipukizi vya mtama hutengeneza kemikali inayotoa sianidi, ambayo ni sumu.

Halafu kuna kosa linaloharibu kila kitu: kutia kimea kwenye uji unaotokota. Amilesi ni protini, na joto kali linaiua kabla haijafanya kazi. Pika uji mzito, uepue, uache upoe hadi uwe wa moto lakini hautokoti, tia kimea, koroga, subiri dakika kumi. Ukishalainika, urudishe motoni uchemke tena dakika chache. Huko kuchemsha mara ya pili ni kwa ajili ya vijidudu, maana mbegu zilizokaa siku mbili kwenye unyevu hazikuota peke yake.

Ukiuacha uji wa kimea uchachuke, unapata togwa. Bakteria wa asidi ya laktiki wanaupandisha uchachu wake hadi kiwango ambacho vijidudu vingi vya kuharisha havistawi. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na Svanberg walichapisha utafiti wao wa hapa Tanzania ulioonyesha kwamba watoto waliokuwa wakilishwa uji uliochachushwa hivyo waliharisha mara chache kuliko wenzao. Togwa ya mtoto ni ya siku moja tu. Ikiendelea kukaa inaelekea kwenye pombe, na hiyo si ya mtoto.

Chuma: tatizo ambalo uji hautatui

Ukiishia hapa utakuwa umetatua nishati tu. Kuna kitu kingine kinachoisha kimyakimya kwenye mwezi wa sita, nacho ni madini chuma.

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake anakuja duniani na akiba ya chuma aliyochukua kwa mama. Akiba hiyo inamfikisha takribani miezi sita. Maziwa ya mama ni bora kwa mambo mengi, lakini yana chuma kidogo, kama miligramu 0.3 kwa lita. Mtoto akinyonya mililita 700 kwa siku, anapata miligramu 0.2. Mapendekezo ya Marekani kwa mtoto wa miezi 7 hadi 12 ni miligramu 11 kwa siku, ya Uingereza ni 7.8. Hata ukichukua namba ndogo, karibu chuma chote kinatakiwa kitoke kwenye bakuli.

Chuma ndicho kinachotengeneza himoglobini ya damu, na kinahitajika ubongo unapojengwa. Mtoto anayekikosa kipindi hiki anaweza kuwa mzito wa kujifunza hata baada ya damu yake kurekebishwa baadaye. Ndiyo maana hili halisubiri aote meno.

Hapa naomba tuvunje mazoea mawili. La kwanza ni mchuzi. Nyumba nyingi nyama ikipikwa, wakubwa wanakula nyama, mtoto analainishiwa ugali kwa mchuzi, na kila mtu anaamini amekula nyama. Chuma na protini vimebaki kwenye nyuzi za nyama. Kwenye mchuzi kuna ladha, chumvi, mafuta kidogo na maji. Supu ya mifupa nayo ni vivyo hivyo. Mpe nyama yenyewe: ichemshe iive sana, isage au ikatekate mpaka iwe kama unga, ichanganye kwenye chakula. Vijiko viwili vya chai vya nyama vina thamani kuliko bakuli la mchuzi.

La pili ni juisi nyekundu. Rozela na kiazi sukari vina rangi ya damu, lakini rangi hiyo haitokani na chuma. Usitegemee juisi kuongeza damu ya mtoto.

Chuma cha nyama, samaki, kuku na maini kinafyonzwa vizuri zaidi, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 35. Cha maharage, nafaka na mboga za majani mara nyingi ni chini ya asilimia 10, kwa sababu fitati iliyomo kwenye mbegu inakishika kisipite. Kuloweka na kuotesha kunapunguza fitati, kwa hiyo kimea kimekusaidia mara mbili. Vitamini C nayo inasaidia sana: kipande cha papai, embe au chungwa pamoja na maharage yaliyopondwa kinaongeza chuma kinachoingia mwilini. Chai inafanya kinyume, tanini zake zinakizuia. Chai ya maziwa isiwe chakula cha mtoto, hata ikiwa na mkate.

Kwa bajeti ndogo, rafiki yako ni dagaa. Waoshe vizuri kuondoa mchanga, wakaushe, wakaange bila mafuta, wasage, tia kijiko cha chai kwenye mboga au kwenye viazi vilivyopondwa. Wana protini, chuma, zinki na kalisi kwa mara moja. Maini ya kuku nayo ni hazina ya chuma na laini kusaga, ila yana vitamini A nyingi mno, kwa hiyo mara moja au mbili kwa wiki inatosha.

Kuhusu unga wa lishe wa nafaka kumi

Najua unausubiri huu. Mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, uwele, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, vyote vinasagwa pamoja, unawekwa kwenye ndoo, mtoto anakula huo mwezi mzima. Nia ni nzuri. Tatizo ni matatu.

Kwanza, mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano na uwele ni kundi moja la chakula. Kuchanganya sita hakumpi mtoto vyakula sita, kunampa wanga wa aina sita.

Pili, kila kiungo kina matunzo yake. Soya mbichi ina viambata vinavyozuia kimeng'enya cha kumeng'enya protini, inabidi ichemshwe au ikaangwe vizuri kwanza. Karanga zina mafuta, zikishasagwa na kukaa kwenye joto zinachacha na kuharibu unga wote.

Tatu, na hili ndilo zito, ni sumukuvu. Hii ni sumu ya fangasi wanaoota hasa kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Haionekani, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Inasababisha saratani ya ini, na ikiwa nyingi inaua haraka. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mtoto mwenye kilo saba anayekula unga uleule kila siku anapata dozi kubwa kwa kila kilo kuliko mtu mzima.

Cha kufanya: chambua mahindi na karanga kwa mkono, tupa zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Kuchambua huku kunapunguza sumu sana, na usimpe kuku ulizozitupa, maana sumu inamdhuru na yeye. Saga nafaka moja au mbili, kiasi cha wiki moja au mbili. Karanga zikae peke yake, uzisage kidogokidogo na kuzitia wakati wa kupika. Utakuwa na unga wa kawaida, na vitu vingine utavitoa sokoni vikiwa vibichi.

Makundi manane, angalau matano

WHO na UNICEF wana kipimo rahisi cha mchanganyiko wa chakula cha mtoto. Kuna makundi manane, na kila siku mtoto apate angalau matano:

1. Maziwa ya mama.
2. Nafaka, mizizi na ndizi za kupika.
3. Maharage, kunde, choroko, karanga na mbegu.
4. Maziwa ya wanyama na mtindi.
5. Nyama, samaki, dagaa, kuku, maini.
6. Mayai.
7. Matunda na mboga zenye vitamini A: embe, papai, boga, karoti, viazi lishe, mchicha, matembele.
8. Matunda na mboga nyingine: ndizi mbivu, parachichi, nyanya, chungwa.

Mtoto anayenyonya na kula uji ana makundi mawili. Ongeza dagaa waliosagwa, boga na parachichi, umefika matano, na hujanunua kitu chochote chenye picha ya mtoto kwenye pakiti.

Siku zinaweza kwenda hivi:

Miezi 6: anza na vijiko 2 hadi 3 vya chakula, mara mbili kwa siku, baada ya kunyonya. Viazi lishe vilivyopondwa na maziwa ya mama, uji mzito wa kimea wenye siagi ya karanga, ndizi na maini ya kuku yaliyosagwa. Ongeza chakula kipya kimoja kila baada ya siku chache ili ujue kipi kinamkataa.

Miezi 7 hadi 8: panda taratibu hadi nusu kikombe, mara 2 hadi 3. Asubuhi uji mzito wenye yai lililoiva kabisa likapondwa. Mchana ndizi za kupika na maharage yaliyopondwa, juu yake papai. Jioni wali laini na samaki aliyetolewa miiba, mchicha na kijiko cha mafuta.

Miezi 9 hadi 11: nusu kikombe, mara 3 hadi 4, na kitafunwa kimoja au viwili katikati kama parachichi au embe. Chakula kiwe cha kupondapondwa na vipande laini anavyoweza kushika mwenyewe. Blenda ipumzike sasa. Watoto wanaocheleweshewa vipande hadi baada ya miezi kumi wana uwezekano mkubwa wa kusumbua kula baadaye.

Huhitaji kupika sufuria mbili. Chakula cha familia kikishaiva, chota cha mtoto kabla hujatia chumvi na pilipili. Sukari haihitaji kabisa. Kipimo cha uzito ni kijiko: kiinamishe, chakula kikidondoka haraka kama maji, bado ni chepesi.

Usalama kwa kifupi

Asali hapana mpaka atimize mwaka mmoja. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu lakini za mtoto mchanga zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia.

Karanga nzima, zabibu nzima na vipande vigumu hapana, vinapalia. Lakini usiogope karanga zilizosagwa. Zamani wazazi waliambiwa wazicheleweshe kuzuia mzio. Mwaka 2015 utafiti wa LEAP, uliofanyika London kwa watoto 640 walio kwenye hatari kubwa, ulionyesha kinyume: waliokula karanga mapema, kwa mfumo salama kwa umri wao, walipata mzio mara chache mno kuliko walioepushwa nazo. Kama mtoto wako ana pumu ya ngozi kali au alishapata mzio wa yai, ongea na daktari kabla ya kuanza.

Uji usikae kwenye chupa ya chai kutwa nzima. Uvuguvugu ule ni kitalu cha bakteria. Kinachobaki zaidi ya saa mbili, kunywa wewe au mwaga. Tumia kikombe na kijiko, chupa za kunyonyea ni ngumu kusafisha. Nawa mikono kwa sabuni, ya kwako na yake.

Na usimnyweshe kwa nguvu. Kumlaza na kumiminia uji kunaweza kuuingiza kwenye mapafu. Mkalishe, mtazame, ongea naye, subiri afungue mdomo. Akikataa mchicha leo, mpe tena keshokutwa. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kujaribiwa mara nane hadi kumi kabla hakijakubaliwa.

Kadi ya kliniki itakuambia kama hesabu inakubali. Mstari wa uzito ukilala miezi miwili mfululizo, au kama mtoto alizaliwa njiti, hanyonyi, au anaharisha mara kwa mara, usiongeze unga ukasubiri. Mpeleke kituoni. Pia muulize mhudumu apimwe na urefu, si uzito peke yake, kwa sababu udumavu unaonekana kwenye urefu.

Kwa wiki hii fanya jambo moja tu. Ukipita nyumbani ambako kuna mtoto wa umri huu, usiulize kama amekula. Uliza amekula nini, kisha hesabu makundi kwa vidole. Yasipofika matano, tazama kwanza kilichokwisha pikwa jikoni kwa ajili ya wakubwa. Mara nyingi kinachokosekana kwenye bakuli la mtoto kipo tayari kwenye sufuria ya familia, kinasubiri kupondwa.